Ufa wa Saba B

Jumatatu, 4 Machi

Mvua na muhula vimefika siku moja. Nimeingia shuleni nimelowa hadi soksi, na langoni nikamkuta mwalimu wa nidhamu, ambaye shule nzima inamwita Dakika, mkewe akiwemo. Ameshika nondo yake fupi ya kupigia kengele, akaitazama saa, akanitazama mimi. "Mwalimu, kengele imeshalia." Nikamwambia mvua haikuisikia. Hakucheka. Nimefanya naye kazi miaka yote hii na bado sijui meno yake yamekaaje.

Daftari hili nimelinunua kwa ushauri wa Mama. Anasema domo langu litanifukuzisha kazi, afadhali maneno niyamwage kwenye karatasi. Haya, namwaga.

Mada zangu za muhula, Darasa la Sita na la Saba: umeme tuli, radi, matetemeko ya ardhi. Nilipomsomea Mama akasema, "Wamekupa mabaya yote. Wenzako wamepewa maua na mbegu."

Jambo moja limenikera kweli. Ukuta wa pembeni wa Saba B una ufa. Umeanzia kona ya dirisha na kushuka hadi sakafuni, na kidole changu kidogo kinaingia. Muhula uliopita ulikuwa kama unywele. Chini ya ukuta huo kuna safu nzima ya madawati, na kwenye madawati hayo kuna watoto.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwendea Mkuu kuhusu ufa. Alikuwa anakunywa chai, na aliendelea kuinywa.

"Saba B niwahamishie wapi, Mwalimu? Niwapakate?"

"Bwaloni."

"Bwalo linavuja. Na wakaguzi wanakuja. Wakute watoto wanasomea bwaloni waniulize nini?"

Kaahidi fundi. Mkuu huyu ahadi anazigawa kama peremende. Nikarudi Saba B na gundi, nikabandika kipande cha karatasi juu ya ufa, kama mafundi wanavyofanya. Ukuta ukitulia, karatasi inabaki nzima. Ukisogea, inachanika. Nimewaeleza watoto, na sasa kila asubuhi wanaikagua kabla hawajaweka mikoba.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Karatasi nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimeaibika. Somo la umeme tuli. Unasugua rula ya plastiki kwenye nywele, unaisogeza kwenye vipande vya karatasi, vinarukia. Rahisi, hata mtoto wa chekechea anaweza. Nikasugua, nikasugua, vipande vikalala usingizi. Nikasugua tena hadi kichwa kikawaka moto. Darasa likavunjika mbavu.

Yule msichana wa safu ya ukutani, wanayemwita Swali, akanyoosha mkono. "Madamu, labda nywele zako hazina umeme?" Mtoto huyu hajawahi kupitisha kipindi bila kuuliza. Ukimjibu, jibu lako linazaa swali jingine.

Na Dakika alikuwa amekaa nyuma, ana tabia ya kuketi kwenye vipindi vya watu eti akague utulivu. Ameona yote. Uso wake ulikuwa mkavu vilevile.

Kosa ni unyevu. Hewa ya mvua inaziiba chaji kabla hazijakusanyika. Nilipaswa kujua.

Jumanne, 12 Machi

Nimerudia. Safari hii rula na karatasi nimezikausha kwanza kando ya jiko la mpishi wa shule. Vipande vikaruka kama vimeitwa. Nikawaambia: mkisugua, chaji hasi zinahama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, zinakusanyika kimyakimya, na zikizidi zinatafuta pa kutokea.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Dakika akasimama kule nyuma. "Mwalimu, sweta langu hulia nikilivua." Ni lile la nailoni, la kijani, alilofumiwa na mkewe. Nikamwambia kwanza alikaushe motoni kidogo. Akalikausha jikoni, akalivaa, darasa likafunga madirisha kuwe giza, kisha akalivua mbele ya watoto wote polepole. Likatoa cheche, tap tap tap, ndogondogo za buluu. Saba B walipiga mayowe ya furaha. Na Dakika, nywele chache alizobakiwa nazo zimesimama wima, akatabasamu. Meno yake ni mazuri tu.

Baada ya kipindi akanifuata barazani. "Na ile kengele yangu?"

Kengele yetu ni kipande cha reli. Zamani kilining'inia kwenye mti, mti ukakatwa, Mkuu akaagiza kitundikwe kwenye nguzo ndefu ya chuma katikati ya uwanja, ili kila mtu asikie. Hakuna kitu kirefu kuliko nguzo ile uwanjani.

"Wakati wa radi usiiguse kabisa," nikamwambia. "Hata ukiwa umechelewa."

"Basi nitapita darasa kwa darasa."

Akasema hivyo tu, akaenda. Nimekuwa nikimcheka mtu huyu bure.

Jumatatu, 18 Machi

Somo la radi, na radi yenyewe ikaja kunisaidia. Kwenye wingu chaji hasi zinajaa chini, chaji chanya za ardhini zinaitwa juu, na njia fupi ikipatikana, imekwisha. Njia fupi ni kitu kirefu kilichochomoza: mti, nguzo, mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Tukahesabu pamoja kutoka mwanga hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja.

Sheria nimeiandika kwa herufi kubwa: RADI, INGIA NDANI. Kaa mbali na madirisha na vitu vya chuma. Nikaongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui, kwamba mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, anagusika, anasaidika, na wengi hufa kwa sababu walio kando wanaogopa kuwagusa.

"Kwa hiyo kumgusa ni salama kabisa?" akauliza Swali.

"Kabisa."

"Hata palepale?"

"Hata palepale, Swali. Kaa."

Mvua ilipochacha Dakika akapita madarasani kweli, akisema kwa mdomo wake kwamba mapumziko yameahirishwa. Nondo ameiacha ofisini.

Jumatano, 20 Machi

Karatasi imechanika. Nimebandika nyingine.

Ijumaa, 22 Machi

Fundi wa Mkuu amefika. Ni fundi rangi. Amejaza ufa kwa chokaa iliyokorogwa, akapaka nyeupe juu yake, na juu ya karatasi yangu. Nilipoingia, Saba B walikuwa wakinitazama nitasema nini.  Kisha nikaenda ofisini na nikasema yote, mlango ukiwa wazi. Mkuu akasubiri nimalize, akasema, "Mwalimu, wewe unaona ufa. Mimi naona shule yenye madarasa kumi na mawili na hela ya matengenezo ya darasa moja. Funga mlango ukitoka."

Ni mwoga. Anaogopa wakaguzi kuliko anavyoogopa ukuta.

Jumanne, 26 Machi

Alfajiri vikombe vya Mama vimegongana kabatini. Ni vile vya wageni, ambavyo mgeni hajawahi kuvinywea. Mama masikio yake yamechoka lakini miguu yake haijachoka. Nilimkuta amekaa kitandani, nyayo sakafuni. "Imepita," akasema. "Lakini haijaondoka."

Nikaenda shule bila chai. Rangi mpya ya Saba B ina mstari mwembamba palepale ufa ulipokuwa. Nimebandika karatasi.

Alhamisi, 28 Machi

Somo la matetemeko, wiki mbili kabla ya mpango, maana ardhi imetangulia. Nimeweka tofali juu ya dawati, nimelifunga mpira, nikauvuta mpira taratibu. Tofali halisogei. Mpira unarefuka, unarefuka, tofali limekaa. Halafu ghafla linaruka. Ndivyo miamba ya chini inavyofanya, nikawaambia. Inasukumana miaka mingi, imekwama, na siku ikiachia, inaachia yote kwa mara moja.

Kitabu kinasema jificheni chini ya madawati. Aliyekiandika hajayaona madawati yetu, na hajauona ukuta wa Saba B. Nikafuta, nikaandika: TETEMEKO, TOKA NJE. Tumekubaliana na Dakika kwamba kengele ikilia mfululizo, hiyo ndiyo amri, kila mtu anateremka hadi kwenye uzio wa chini, mbali na kuta.

Swali akanyoosha mkono.

"Madamu, radi ni ndani, tetemeko ni nje. Na vikija pamoja?"

Darasa likageuka kunitazama.

"Vikija pamoja," nikasema, "tutaanza kwa kukuuliza wewe."

Wakacheka wote, naye akacheka. Kengele ikalia, nikakusanya vitu vyangu.

Jumanne, 2 Aprili

Zoezi la kwanza la kutoka. Jua lilikuwa limechungulia. Dakika alipiga kengele hadi mtoto wa mwisho alipofika kwenye uzio, hakuacha hata pale mkono ulipoonekana umechoka. Nikamuuliza kwa nini asipige mara chache tu, wameshasikia. "Wa mwisho ndiye asiyesikia," akasema. Safu ya ukutani ya Saba B ndiyo ya mwisho kutoka, kwa sababu mlango uko upande wa pili wa chumba. Nimewaomba wabadilishe madawati. Hakuna nafasi.

Ijumaa, 5 Aprili

Radi mchana kutwa. Dakika kapita darasa kwa darasa. Watoto wameanza kumwita Kengele Anayetembea. Anajua, na nadhani anapenda.

Jumanne, 9 Aprili

Karatasi imechanika. Nimebandika nyingine. Mkuu anasema baada ya mitihani.

Ijumaa, 12 Aprili

Vikombe tena. Mama amevitoa kabatini na kuviviringisha kwenye kanga.

Jumatatu, 15 Aprili

Karatasi imechanika. Sijabandika nyingine, gundi imekwisha. Nimewasimamisha safu ya ukutani, wasomee wamesimama upande wa mlango. Wamesimama vipindi viwili, mmoja akazimia kwa njaa, Mkuu akanitaka niwarudishe. Nimewarudisha.

Jumapili, 21 Aprili

Naandika leo kwa sababu siku zote tatu zilizopita mkono ulikataa.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya mapumziko. Mvua ilishuka yote kwa mpigo. Anayekaa chini ya bati anajua: mvua ya namna ile ikikamata bati, mwenzako anakuwa mdomo tu unaofunguka na kufunga. Nilikuwa maabara na Darasa la Sita. Saba B walikuwa ng'ambo ya uwanja, peke yao, mwalimu wao wa hesabu anaumwa. Mwanga ulikuja nikaanza kuhesabu kwa mazoea, sikufika mbili. Dakika alishapita madarasani akiashiria kwa mikono, ndani, ndani, mbali na madirisha, akarudi kusimama kwenye baraza ya ofisi na sweta lake la kijani.

Kisha chupa za maabara zikaanza kugongana.

Nilidhani ni ngurumo. Halafu sakafu ikavutwa, kama mtu anapovuta mkeka ulioukalia, na chupa ya kwanza ikaanguka. Nikawasukuma Darasa la Sita hadi barazani, na nikatazama ng'ambo. Rangi nyeupe ya Saba B ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini. Ukuta ulikuwa umeachana na dirisha lake. Mwanga wa radi ulipopiga niliuona ukipenya kwenye ule ufa.

Mlango wa Saba B ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyetoka.

Hawakutoka kwa sababu niliwafundisha. Nje kulikuwa na radi, na radi ni ndani. Ardhi ilikuwa imetikisika, na tetemeko ni nje. Walikuwa wamekaa wanangoja kengele iwaamulie.

Nikapiga kelele. Hata mtoto aliyenishika sketi hakunisikia. Lakini Dakika alikuwa ananitazama. Nikainua mkono nikapiga hewani, kama yeye anavyopiga ile reli.

Akaitazama nguzo. Akatazama juu. Kisha akanitazama tena na kufungua viganja vyake, kama mtu anayeuliza una hakika. Nikapiga hewani tena, kwa nguvu zaidi, nikanyoosha kidole Saba B.

Akaingia ofisini, akatoka na nondo. Hakukimbia. Sijawahi kumwona Dakika akikimbia, huwa anafika tu. Akasimama chini ya nguzo, mvua inampiga usoni, na akaanza.

Sauti ya reli ile haizuiliwi na mvua. Mlango wa Saba B ukafunguka. Wakatoka mmoja mmoja, wameinama, wakateremka kwenye uzio kama siku ya zoezi, na madarasa mengine yakawafuata. Yeye macho yake yalikuwa kwenye mlango ule tu. Safu ya ukutani ilitoka mwisho, na wa mwisho kabisa alikuwa Swali. Nikapunga mikono yangu yote miwili, basi, basi, acha. Nina hakika aliniona. Aliishusha nondo.

Sikumbuki ngurumo. Nakumbuka weupe, na kwamba nilikuwa nimekaa chini bila kujua nimekaaje, na reli ilikuwa inabembea peke yake.

Nilipomfikia, watoto walikuwa wamesimama mbali, wameshikana. Hakuna aliyethubutu kusogea. Nikaanza kumkandamiza kifua. Sweta lilikuwa limeloa na linanuka kuungua. Mtu akapiga magoti upande wa pili, nikainua kichwa, alikuwa Swali, amekishika kichwa cha Dakika kwa mikono miwili ili kisizame kwenye maji.

"Anagusika, Madamu," akasema. "Ulisema anagusika."

Tukakandamiza kwa zamu. Alikuwa anahesabu kwa sauti na mimi nilikuwa nalia. Tuliendelea hadi muuguzi wa zahanati alipofika na kunishika vifundo vya mikono.

Ukuta haukuanguka. Tetemeko lilipita, mvua ikapita, tukambeba Dakika tukampitisha mbele yake, na ulikuwa umesimama.

Jumatatu, 22 Aprili

Tumemzika. Watoto walikuja na sare. Hakuna aliyechelewa.

Jumatano, 24 Aprili

Maofisa wa elimu wamekuja, wawili, na viatu visivyofaa kwa tope. Wametuketisha ofisini. Mmoja akauliza nani aliamuru kengele ipigwe wakati wa radi. Nikafungua mdomo. Huu mdomo wangu, ambao Mama anauogopa, ambao umemsema Mkuu mlango wazi, ulifunguka na haukutoa kitu.

"Ni utaratibu wa shule," akasema Mkuu. "Na utaratibu wa shule ni mimi."

"Nguzo ya chuma nani aliiweka?"

"Mimi."

"Na darasa lenye ufa?"

"Niliambiwa. Nilipaka rangi." 

Walipoondoka nikamwambia, "Mkuu, unajua ni mimi niliyempungia."

"Najua. Niliona dirishani." Akavua miwani. "Mimi naondoka kazini muda si mrefu. Wewe una watoto wa kufundisha. Nenda kipindi chako."

Mwezi mzima nimemwita mwoga. Leo mwoga alikuwa mimi, na nimeshindwa hata kumshukuru.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimetoka maabara nikavuka uwanja hadi Saba B. Sikuhesabu hatua, sitaki kuzijua. Siyo mbali. Ningeweza kukimbia mwenyewe.

Lakini ningepita chini ya mvua ileile, na radi ileile, na huenda ukuta ungeanguka nikiwa katikati ya uwanja. Najiambia hivyo mara nyingi kwa siku. Halafu najikumbusha kwamba wakati ule sikufikiria hayo. Sikufikiria kitu. Nilitaka kengele, na mwenye kengele alikuwa pale.

Jumanne, 30 Aprili

Saba B wamehamia bwaloni. Linavuja. Wanasogeza madawati na kuendelea. Swali hajauliza kitu tangu Alhamisi ile. Nimeeleza leo kwa makusudi jambo lisiloeleweka, nikasubiri. Aliandika tu.

Alhamisi, 2 Mei

Wamekuja mafundi kuubomoa ukuta, fundi ujenzi na wenzake wawili, na sululu. Wamepangiwa siku nzima. Fundi akaegemeza ngazi apande kuondoa bati. Ukuta ukalala. Hakuna aliyekuwa amegusa sululu. Ukalala wote kuelekea ndani, juu ya mahali palipokuwa na safu ile, na vumbi lake likaja hadi maabara.

"Huu ulikuwa unashikiliwa na rangi tu," akasema fundi.

Walimu wenzangu wakanishika bega. Mmoja akasema, "Unaona? Ulikuwa sahihi."  Siku ya tetemeko ukuta haukuanguka, na leo umeangushwa na ngazi. Ningetaka ukuta uniambie moja tu kati ya hayo mawili. 

Jumatatu, 6 Mei

Nimekwenda kwa mke wa Dakika. Ni fundi wa cherehani, anashonea sebuleni, na nyumba yao kila kitu kimekaa mahali pake kwa mstari. Saa ya ukutani iko mbele kidogo. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaendelea kushona.

"Pole, shemeji," nikasema. Nilikuwa nimeshasema hivyo makaburini, lakini sikuwa na pa kuanzia.

"Nimepoa. Mkuu alikuja, akaniambia ni yeye aliyeamuru kengele."

Cherehani iliendelea kukimbia.

"Mume wangu alirudi siku moja nywele zimesimama," akasema. "Amefurahi kama mtoto. Akaniambia sweta langu limekuwa somo. Akaniambia mwalimu wa sayansi amemkataza kugusa kengele wakati wa radi. Nikamwambia, angalau kuna mtu mmoja unayemsikiliza." Mguu wake ukasimama kwenye pedali. "Mume wangu hakumsikiliza Mkuu hivyo. Mkuu alimwagiza mara ngapi apunguze ukali, hakumsikia. Kwa hiyo nimekuwa nikijiuliza. Nani angeweza kumwambia aiguse, naye akaigusa?"

Nilikuwa nimejiandaa njiani kwa maneno mengi mazuri. Yote yaliniacha.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpungia mkono. Aliniuliza kwa ishara kama nina hakika, nikampungia tena."

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliutazama mkono wangu wa kulia, ule uliokuwa gotini, akautazama muda mrefu hadi nikatamani kuuficha.

"Alijua alichokuwa anakiendea."

"Alijua."

"Nilikuwa naogopa kwamba alisahau. Kwamba alikwenda tu kwa sababu ni saa ya kengele." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na watoto walitoka wote?"

"Wote."

"Basi nenda, Mwalimu. Sijui kama nimekusamehe. Usiniulize leo, na usije kuniuliza. Nikijua nitakuja mwenyewe."

Nilitoka. Mvua ilikuwa imekatika na njia nzima nilitembea nimeushika mkono ule kwa mkono mwingine. Nampenda mwanamke yule na namwogopa.

Ijumaa, 10 Mei

Nguzo imeng'olewa. Sasa kengele ni filimbi ya plastiki, na Mkuu anaipuliza mwenyewe darasa kwa darasa. Anachelewa kila siku na hakuna anayemcheka.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua zimekwisha. Mama amerudisha vikombe kabatini.

Leo nimeketi kusahihisha mitihani ya Saba B. Mtihani ulitungwa na ofisi ya elimu tangu mwanzo wa mwaka, kabla ya yote. Swali la tisa: Taja vitu viwili ambavyo hupaswi kuvigusa au kuvikaribia wakati wa radi. Alama mbili. Mwongozo wa kusahihisha unataka mti mrefu, mlingoti, uzio wa waya, bomba la maji.

Karatasi ya kwanza imeandika kengele, na mti. Ya pili imeandika kengele, na waya. Ya tatu, kengele. Nimezipekua zote kwanza bila kalamu. Darasa zima limeandika kengele. Mwongozo hauna kengele popote. Nimeweka alama ya vema kila mahali.

Ya Swali nimeiacha ya mwisho, kwa uoga. Amejibu yote vizuri, chaji, wingu, tofali na mpira. Kwenye la tisa, mstari wa kwanza ameandika: Kengele. Mstari wa pili ameandika: Kengele.

Sheria inasema jibu likirudiwa lihesabiwe mara moja. Nimempa mbili.